Anayekaa Buti Anavuta Nini?

Watu wa Mbulu na Hanang, leo tuzungumzie ugomvi wa dirisha.

Mnaujua ugomvi huu. Gari limetoka stendi ya Mbulu asubuhi na mapema, linakwenda Haydom kwa njia ya Dongobesh. Ni mwezi wa saba, kila mtu kajikunja ndani ya koti au shuka. Lami inakatika, vumbi jekundu linaanza. Bibi wa siti ya katikati anasema, "Mjukuu wangu, funga hicho kioo, vumbi litatumaliza." Kijana aliyebanwa nyuma, na magoti yake yamefika kidevuni, anajibu, "Bibi, tukifunga huku nyuma hatupumui." Konda hataki kumkosea bibi wala kumpoteza abiria, basi anaamua kioo kiachwe nusu. Kuanzia hapo vumbi linaingia, hewa haitoshi, na wote wawili wamenuna mpaka Haydom.

Nani ana haki? Mimi nasema kijana, ila si kwa sababu anayoifikiria. Na bibi naye hakosei kuogopa vumbi, isipokuwa analisingizia dirisha kosa ambalo mara nyingi ni la mlango wa nyuma.

Ngoja nieleze. Gari likiwa katika mwendo linaisukuma hewa ya mbele, na nyuma yake linaacha nafasi ambayo hewa imepungua nguvu. Kila kilichoko karibu kinakimbilia kuijaza nafasi hiyo. Ndiyo maana vumbi halibaki barabarani likatulia. Linalifuata gari kama ndama anavyomfuata mama yake, na linajikusanya hasa pale kwenye mlango wa buti. Raba ya mlango ikiwa imechakaa, au imekatwa, au fundi aliibandua siku ya kunyoosha bodi na hakuirudisha, vumbi lote lile limepata mlango. Mnaweza kufunga vioo vyote vinne na bado mkateremka mna nyusi nyekundu. Ukitaka kuhakikisha, fungua buti baada ya safari ya Basotu au ya Maretadu, utazame pembeni mwa raba. Utakuta mstari wa vumbi laini kama unga wa ulezi, na umekolea zaidi pale ambapo raba imekufa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mazungumzo ya leo yalipo. Bomba la moshi liko wapi? Liko nyuma. Panapoingia vumbi ndipo panapoingia moshi. Vumbi mnaliona, mnalipangusa, mnalilalamikia kwa konda. Moshi wa gari la petroli ambalo injini yake imeshapata moto karibu hauonekani kabisa. Ndani yake mna hewa inayoitwa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi, isiyo na harufu, isiyowasha macho wala koo. Chembe nyekundu za damu kazi yake ni kubeba oksijeni, lakini zikikutana na kaboni monoksaidi huishika hiyo kwa nguvu mara mia mbili na zaidi kuliko zinavyoishika oksijeni. Mtu anavuta pumzi kama kawaida, kifua kinapanda na kushuka, na mwili hauna habari kwamba damu imebeba mzigo usiofaa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito usio na sababu.

Kwetu dalili hizo zina jina tayari. Tunasema mtoto "anachafukwa na gari". Anapewa ndimu anuse, au tangawizi atafune, na mama anatafuta mfuko. Sikatai, kuna kuchafukwa kwa kweli, kunakotokana na kona na mabonde, na barabara zetu zina vyote viwili. Lakini nawapa kipimo kimoja. Ukiona waliokaa nyuma wanaumwa kichwa wote kwa pamoja, wakubwa kwa wadogo, na wakiteremka na kupigwa na upepo kinapungua, hizo si kona. Hapo muulizeni dereva habari za ekzosi.

Na nyuma hukaa nani? Hili ndilo linaloniudhi. Mchomoko, yaani Probox na ndugu zake, umetengenezwa Japani kwa ajili ya watu watano na mzigo. Kwetu siti ya mbele inakaliwa na wawili pamoja na dereva, katikati wanne, na buti linafunguliwa kwa waliobaki. Waliobaki ni akina nani? Mwanafunzi mwenye nauli pungufu. Mama mwenye watoto ambao konda amekubali kuwachukua kwa nusu bei, kwa sharti kwamba wakae kule nyuma. Mzee wa Kibarabaigi aliyekuja mnadani Katesh, anarudi na fimbo yake, hana mazoea ya kubishania siti. Bosi yuko mbele, feni inampuliza usoni. Watu wanafikiri tofauti ya siti ni kukaa vizuri au vibaya. Ni zaidi ya hapo: aliyelipa kidogo anavuta hewa chafu kuliko wote, na mtoto, ambaye kwa uzito wake hupumua hewa nyingi kuliko mtu mzima, ndiye tunayemweka karibu kabisa na bomba la moshi.

Kuna jambo jingine la siku za mavuno. Vitunguu swaumu vya Mbulu vikiwa tayari, magunia yanapakiwa buti mpaka mlango haufungi. Dereva hashindwi, anachukua mpira wa tyubu, anaufunga mlango ukiwa wazi kiasi cha kiganja, safari inaanza. Abiria wanalalamikia harufu ya swaumu. Harufu ile haijaua mtu. Ule upenyo wa kiganja ndio wa kuogopwa, kwa sababu gari lenye mlango wa nyuma uliofunguka kidogo linanyonya moshi wake lenyewe, na kadiri vioo vya mbele vilivyofungwa ndivyo linavyonyonya zaidi. Pua ni shahidi mzuri kwa mambo mengi, lakini ndani ya gari inatudanganya: inatufanya tumkwepe mbuzi na kuku, halafu tukae kwa raha chini ya kile kikadi cha marashi kinachoning'inia kwenye kioo, ambacho hakisafishi kitu, kinaongeza kemikali nyingine juu ya zilizokuwepo.

Twende Magara. Anayetoka Mbuyu wa Mjerumani kwenda Mbulu anaujua mlima ule, ukuta wenyewe wa Bonde la Ufa. Gari linapanda kwa gia namba moja, injini inalia, mwendo ni wa mtu anayetembea kwa haraka. Mafuta yanachomwa mengi kuliko popote njiani, na upepo wa kuusukuma moshi uende zake haupo. Mbele yako kuna lori la mahindi la dizeli, linatoa moshi mweusi, na huwezi kulipita. Hapo kufungua kioo ni kuukaribisha moshi wa lori, na kukifunga ni kubaki na wa kwako. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa dizeli mwezi Juni 2012 katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, kundi moja na sigara. Chembe zake ni ndogo mno. Unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Chembe zinazotisha ni zile zisizofika mikroni mbili na nusu, na nyingi za dizeli ni ndogo hata kuliko hizo. Vumbi nene la barabarani linaishia puani, unapenga kamasi jekundu, yamekwisha. Hizi zinashuka mpaka mwisho wa mapafu, nyingine zinaingia kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake: kwa saa 24, hewa isizidi mikrogramu 15 za chembe hizo katika mita moja ya ujazo. Ukiwa nyuma ya lori pale Magara, nadhani hakuna haja ya mashine kukueleza uko upande gani wa mstari huo.

Magara pia ndiko masega yanakofia. Wasiojua magari niwaeleze. Gari la petroli la siku hizi lina kitu katikati ya ekzosi, ndani yake kimetobolewa vitundu vidogo vidogo, ndiyo maana mafundi wetu wanakiita masega. Vitundu vile vimepakwa madini ya thamani, platinamu, paladiamu na rodiamu, na kazi yake ni kuigeuza kaboni monoksaidi iwe kaboni dayoksaidi kabla haijatoka nje. Baada ya miaka mingi masega huziba. Gari linakuwa zito mlimani. Dereva anampelekea fundi, fundi anagonga bomba kwa spana, anasikiliza, anasema, "Kaka, nikutolee masega gari livute." Wanakata, wanayatoa, wanachomelea bomba tupu. Gari linapanda Magara kama jipya, na masega yenyewe yana mnunuzi, kwa hiyo dereva anaondoka na fedha mkononi. Kila mtu kafurahi. Kuanzia siku hiyo ile hewa isiyo na harufu inatoka nzima nzima, na mahali palipochomelewa kwa haraka panaanza kuvuja, chini kabisa ya miguu ya abiria.

Simlaumu sana dereva. Masega mapya yana bei ambayo nauli za Dongobesh haziwezi kuirudisha. Lakini fundi anayetoa masega na kuacha kiungo kinachovuja amefanya kosa la pili ambalo halina kisingizio, maana kiungo kile kinazibika kwa kazi ya dakika chache. Kukikagua si elimu ya chuo. Injini ikiwa ya baridi, washa gari, inama ubavuni, sikiliza. Bomba zima linanguruma mwishoni tu. Bomba linalovuja linatoa mlio wa kukwaruza, tsa-tsa-tsa, karibu na injini au katikati, na ukitazama hapo utaona masizi meusi yamezunguka kiungo. Askari wanapokagua gari huangalia matairi, breki, taa na mikanda. Natamani na sikio nalo liwe sehemu ya ukaguzi, hasa kwa gari linalobeba watoto wa shule.

Tusijione kana kwamba hakuna kilichobadilika. Watu wa umri wangu tulikua tukivuta risasi. Petroli ya zamani ilitiwa madini ya risasi ili injini isigonge, na risasi ile ilitoka na moshi ikaingia kwenye damu za watoto. Mwaka 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar kuiondoa, na kufikia mwanzo wa 2006 tulikuwa tumeachana nayo. Kisha nchi za Afrika Mashariki zikakubaliana kupunguza salfa kwenye dizeli, kuanzia Januari 2015 isizidi sehemu 50 katika kila milioni. Mafuta yanayouzwa leo Katesh ni masafi kuliko yaliyokuwa yakiuzwa nilipokuwa kijana. Tunazo pia Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa za 2007, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Na sheria ya tumbaku ya 2003 ilishamkataza mtu kuvuta sigara ndani ya chombo cha abiria, ingawa wapo madereva wanaodhani mkono ukiwa nje ya dirisha basi sigara nayo iko nje.

Niseme habari ya kidumu. Kutoka barabara kuu kuingia vijijini petroli inauzwa kwenye chupa, na chupa zile zinajazwa kutoka kwenye madumu yaliyosafiri ndani ya gari la abiria, chini ya siti, yamezibwa kwa kipande cha nailoni. Jua likipiga, mvuke unapanda. Ndani ya mvuke huo mna benzini, inayojulikana kusababisha saratani ya damu. Sisemi habari ya moto, hiyo kila mtu anaijua na bado anapanda. Mama mjamzito anayekwenda kliniki Haydom hana sababu ya kukaa juu ya lita 20 za petroli. Kidumu kikiwa ndani, nasema bila kumung'unya maneno, usipande.

Turudi kwa bibi. Bibi anafunga dirisha pia kwa sababu anaamini upepo wa baridi unaleta kichomi. Nyanda zetu ni za juu, asubuhi ya Mbulu inauma, sishangai. Lakini kichomi kinaletwa na vijidudu, si upepo, na kifua kikuu vilevile. Tanzania imo katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu duniani. Vimelea vyake vinaelea hewani kwa muda mrefu baada ya mgonjwa kukohoa, na katika gari lililofungwa vioo vyote havina pa kwenda ila mapafuni mwa jirani. Mnapokwenda hospitali, fikirini nani mnasafiri naye: ni watu wanaokwenda hospitali. Kanga au shuka shingoni inamtosha bibi kwa baridi. Hewa iachwe ipite.

Hata bila ugonjwa, watu kumi katika chumba kidogo kile wanaimaliza hewa haraka. Hewa ya nje ina kaboni dayoksaidi sehemu 420 hivi katika kila milioni. Tunayoitoa puani ina kama 40,000. Fungia watu kumi ndani ya Probox, simamisha gari stendi ya Endasak juani, subiri abiria wa kumi na moja, na kiwango kitapanda kwa maelfu kabla hajapatikana. Abiria watasinzia, na akisinzia abiria si neno. Dereva naye anavuta hewa hiyohiyo.

Sasa nifike kwenye dawa, na dawa yenyewe iko kwenye dashibodi. Kuna kitufe, au katika magari ya zamani kishikio cha kusogeza, chenye picha mbili. Moja inaonyesha gari na mshale unaojizungusha ndani. Nyingine inaonyesha mshale unaotoka nje kuingia ndani. Madereva wetu wengi wameacha ule wa kujizungusha mwaka mzima kwa kuogopa vumbi. Mkiwa katikati ya vumbi la lori, sawa, uwekeni kwa dakika chache mpaka lipungue. Njia ikifunguka, rudisheni mshale wa kutoka nje na muwashe feni. Feni inavuta hewa kutoka chini ya kioo cha mbele, mbali na bomba la moshi, na kuisukuma ndani kwa nguvu. Hewa iliyosukumwa inatafuta pa kutokea, inatokea nyuma, kwenye zilezile nyufa za raba. Panapotoka hewa, vumbi na moshi haviingii kirahisi. Wanaosafiri majangwani wanaijua mbinu hii siku nyingi. Haiponyi bomba linalovuja wala mlango uliofungwa kwa mpira, lakini kwa raba iliyochoka inasaidia sana.

Kuna sharti moja. Nyuma ya kile kisanduku cha dashibodi cha upande wa abiria, magari mengi ya Kijapani yana nafasi ya chujio, karatasi iliyokunjwa kunjwa, ambayo mafundi wanaiita filta ya AC. Kifungueni mtazame. Wengine mtakuta hakuna kitu, mtu alilitupa akaona linazuia upepo. Wengine mtakuta limejaa udongo, majani, mabaki ya panya, na kwa magari yanayopita kandokando ya Ziwa Balangida wakati wa kiangazi, unga mweupe wa magadi. Chujio la aina hiyo mwisho wake ni kutupwa. Lipya linazuia vumbi vizuri, ila halizuii kaboni monoksaidi, kwa hiyo asije mtu akaniambia ameweka filta mpya na ekzosi inaweza kusubiri.

Barabara zinajengwa. Hanang tulipata lami ya Babati hadi Singida, na kila aliyekuwa akisafiri Katesh kabla yake anajua vumbi lilivyopungua. Na upande wa Haydom lami inasogea. Ila lami itaondoa kile tunachokiona tu. Bomba lililotobolewa litakuja na gari lilelile, na abiria wa lami watafunga vioo vizuri zaidi kwa sababu mwendo umeongezeka.

Dereva mmoja aliniambia feni inakula mafuta, ndiyo maana haiwashi. Anachanganya vitu viwili. Kinachokula mafuta ni AC, kwa sababu ile inazungushwa na injini, na ni kweli Magara utalisikia gari likilemewa. Feni peke yake ni ya umeme na haina uzito wowote wa kuhisiwa. Kwa hiyo, dereva wangu, ukifika mguu wa mlima zima AC, acha feni namba mbili, mshale wa kutoka nje. Magunia yapange buti mpaka mlango ufunge kabisa. Yasiyoingia yapande juu ya keria, na wale watoto waje katikati wapakatwe. Nauli ya nusu bado ni nauli, utaipata.